Tiba ya sindano kutoka China: inafaa kwa nini, na isipewe kazi gani?

Katika mtaa wa Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, mgonjwa hakosi njia za kufuata. Ipo Hospitali ya Chuo Kikuu, CHUK, ambayo wengi bado huiita Roi Khaled kwa jina la mfalme wa Saudi Arabia. Ipo hospitali ya kijeshi. Vipo vituo vya afya, maduka ya dawa na waganga wa miti shamba. Wapo pia wauzaji wa vidonge na chupa zenye maandishi ya Kichina, wanaoahidi kwamba bidhaa zao hutibu karibu kila ugonjwa.

Tuchukue mfano wa watu wawili wa nyumba moja. Wa kwanza ni babu aliyebeba mizigo kwa miaka mingi, na mgongo wake unamuuma tangu mwaka jana. Wa pili ni mjukuu wake wa miaka mitatu, ambaye mwili umemchemka tangu usiku. Jirani anawashauri kwamba tiba ya Kichina inaweza kuwafaa wote wawili.

Jirani huyo hakukosea kabisa, lakini ushauri wake una hatari ndani yake. Kwa mgongo wa babu, sindano za Kichina zina ushahidi wa kisayansi, ingawa ushahidi huo una mipaka. Kwa homa ya mtoto, sindano hizo hazina kazi. Dawa inayoweza kumwokoa, ikiwa ana malaria, nayo ilianzia katika vitabu vya kale vya China. Lakini leo hupatikana katika kituo cha afya, baada ya kupimwa damu. Kutotambua tofauti hiyo kunaweza kumgharimu mtoto maisha.

Walifikaje Afrika Mashariki?

China ilituma timu yake ya kwanza ya madaktari barani Afrika mwaka 1963, nchini Algeria. Mwaka 1964 timu nyingine ilifika Zanzibar, na mwaka 1968 ikawa zamu ya Tanzania bara. Burundi na China zilianzisha uhusiano wa kibalozi mwezi Desemba 1963. Uhusiano huo ulikatika mwaka 1965, ukarejeshwa mwezi Oktoba 1971, na timu ya kwanza ya madaktari wa China ikaja Burundi mwaka 1986. Nyingine zimefuata, na zile za miaka ya karibuni zimetoka katika mkoa wa Qinghai.

Wengi wa madaktari hao si waganga wa jadi. Ni wapasuaji, wataalamu wa magonjwa ya wanawake na watoto, au wa dawa za usingizi, na mara nyingi huwamo miongoni mwao mtaalamu wa tiba ya sindano. Nchini China taaluma hizo mbili huishi pamoja. Mwaka 1956 serikali ya nchi hiyo ilifungua vyuo vya tiba ya jadi katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, na tangu wakati huo elimu iliyokuwa ikirithishwa kutoka kwa mzee hadi kwa mwanafunzi wake ikaingia darasani.

Njia ya pili ilikuwa biashara. Katika miaka ya 1990 kliniki binafsi za "dawa ya Kichina" zilienea jijini Dar es Salaam. Mwanaanthropolojia Elisabeth Hsu, aliyezichunguza kliniki hizo, aliandika kwamba wagonjwa walizisifu dawa hizo kwa kuleta nafuu haraka. Si vigumu kuelewa mvuto wake. Mti shamba uliosagwa na kufungwa katika pakiti huonekana kuwa na baraka za pande mbili: asili ya porini na usafi wa kiwanda. Lakini pakiti nzuri si ushahidi kwamba kilichomo kimepimwa.

Sindano huchomwa vipi?

Tiba ya sindano, ambayo wengine huiita akyupancha, imeelezwa katika maandishi ya China yenye umri wa takriban miaka 2,000. Kwa mujibu wa mafundisho hayo, ndani ya mwili hupita nguvu ya uhai iitwayo qi, ikifuata njia maalumu. Kuna njia kuu 12, na mbili zaidi zinazopita katikati ya mwili, mbele na nyuma. Maradhi hutokea pale nguvu hiyo inapoziba, inapopungua au inapozidi mahali fulani, na kazi ya sindano ni kurejesha mwendo wake. Shirika la Afya Duniani, WHO, limechapisha orodha ya pointi 361 za kuchomea sindano, ili wataalamu wa nchi mbalimbali watumie majina na vipimo vinavyofanana.

Sindano zenyewe hazifanani na zile za hospitali. Hazina tundu ndani, kwa hiyo hakuna dawa inayoingizwa mwilini. Ni nyembamba sana, kiasi cha robo ya milimita hivi. Mgonjwa hulala, mtaalamu huchoma sindano kadhaa, kisha huziacha kwa dakika 15 hadi 30. Wengi husikia uzito, ganzi au joto mahali palipochomwa, badala ya maumivu makali. Wakati mwingine mtaalamu huchoma karibu na ngozi majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga ili kupasha joto pointi hizo, au huweka vikombe vinavyovuta ngozi.

Vikombe hivyo havitawashangaza wazee wa Kamenge na Buyenzi. Waswahili wamekuwa wakiumika tangu zamani kwa pembe iitwayo chuku, na Waislamu wanaifahamu hijama. Lugha yenyewe imehifadhi onyo: kupiga chuku ni kuumika, na pia ni kutia chumvi katika maneno. Tiba ya aina hii imekuwa na maana hizo mbili tangu zamani, na msikilizaji anahitaji kujua ni ipi inayotumika mbele yake.

Hata China yenyewe haikuwa na kauli moja. Mwaka 1822 mfalme wa nchi hiyo aliamuru tiba ya sindano iondolewe katika chuo cha madaktari wa ikulu. Ilipata hadhi mpya baada ya mwaka 1949, wakati serikali ilipohitaji huduma kwa mamilioni ya wananchi huku madaktari wa kisasa wakiwa wachache. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Hiyo ni heshima kwa utamaduni, na haipaswi kusomwa kama cheti cha tiba.

Utafiti unasema nini?

Wataalamu wa maumbile ya mwili hawajaona njia za qi kama wanavyoona mishipa ya damu au ya fahamu. Hata hivyo, kutoonekana kwa njia hizo hakujibu swali la mgonjwa, ambaye anataka kujua kama atapata nafuu. Swali hilo hupimwa kwa kulinganisha makundi ya wagonjwa.

Mojawapo ya majaribio makubwa lilifanyika Ujerumani na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2007. Wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilipata tiba ya sindano kwa kufuata pointi za Kichina. La pili lilichomwa sindano za juujuu mahali pasipo pointi, bila kuambiwa. La tatu lilipata matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi sita, walioonekana kupata nafuu walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, asilimia 44.2 katika la pili, na asilimia 27.4 katika la tatu.

Takwimu hizo zinasema mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, waliochomwa sindano walipata nafuu zaidi ya wale waliopewa matibabu ya kawaida. Pili, mahali sindano ilipochomwa palileta tofauti ndogo mno. Nafuu yenyewe ilikuwa ya kweli, lakini maelezo ya njia na pointi hayakuthibitishwa na jaribio hilo.

Uchambuzi mwingine wa mwaka 2018 ulikusanya taarifa za wagonjwa 20,827 kutoka majaribio 39 kuhusu maumivu sugu ya mgongo, shingo, bega, goti na kichwa. Ulionyesha kwamba tiba halisi ya sindano ilizidi ile ya kuigiza, ingawa kwa kiasi kidogo, na kwamba sehemu kubwa ya nafuu haikupotea upesi baada ya tiba kumalizika. Mwezi Desemba 2023 WHO ilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo, na tiba ya sindano imo miongoni mwa njia zinazoweza kutumiwa, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa.

Sindano hufanyaje kazi? Mchomo mdogo huamsha mishipa ya fahamu, na taarifa zake hushindana na zile za maumivu katika uti wa mgongo. Ubongo nao hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza. Pia kuna mchango wa matarajio, wa kulala kwa utulivu, na wa kusikilizwa na mtu aliyetenga nusu saa kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Kwa maumivu sugu, mambo hayo si ya kudharau. Lakini hakuna hata moja kati yake linaloua vimelea.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Hakuna ushahidi kwamba sindano hutibu malaria, kifua kikuu, Ukimwi au kisukari. Aliyepatwa na kiharusi ahitaji kufikishwa hospitalini saa ileile, kwa kuwa kila saa inayopita huharibu sehemu ya ubongo. Ushahidi kwamba sindano humrudishia nguvu aliyepooza bado ni dhaifu.

Dawa ya homa iliyotoka katika kitabu cha kale

Historia ya dawa ya malaria inaonyesha jinsi elimu ya jadi inavyoweza kugeuka kuwa tiba ya uhakika.

Tarehe 23 Mei 1967, wakati wa vita vya Vietnam, China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria. Askari wa Vietnam Kaskazini walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo, na dawa ya klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Mwaka 1969 mtafiti Tu Youyou wa Beijing alikabidhiwa kazi ya kuchunguza tiba za jadi. Yeye na wenzake walipitia maandishi ya kale na kujaribu mimea mingi. Mmoja wao, qinghao, ulionyesha dalili njema, kisha ukashindwa uliporudiwa.

Tu alirudi katika kitabu cha tabibu Ge Hong, aliyeishi katika karne ya 4. Humo mgonjwa wa homa anaelekezwa kuloweka mmea huo katika maji, kuukamua na kunywa maji yake. Hapakutajwa kuchemsha. Tu alitambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwezi Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliangamiza vimelea vyote vya malaria katika panya wa maabara. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili walijaribu dawa hiyo miilini mwao wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Kiini chake kiliitwa artemisinini, na mwaka 2015 Tu Youyou alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na William Campbell na Satoshi Ōmura.

Burundi inaifahamu thamani ya ugunduzi huo. Katika mlipuko wa mwaka 2000 na 2001, nchi hii ilihesabu wagonjwa wa malaria wapatao milioni tatu, wakati dawa za zamani zilikuwa zimepoteza makali. Mwaka 2003 Burundi ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kuchukua dawa mseto yenye artemisinini, ikiunganisha artesunati na amodiakwini, kuwa tiba ya kwanza ya malaria.

Kwa hiyo mjukuu wa mfano wetu anapopewa vidonge vya malaria katika kituo cha afya, anapokea tiba yenye asili ya China, ila tiba hiyo imepita katika maabara, imepimwa kipimo chake, na imejaribiwa kwa wagonjwa wengi kabla ya kumfikia.

Ndiyo sababu chai ya majani ya artemisia haiwezi kuchukua nafasi ya vidonge. Kiasi cha dawa katika majani hubadilika kutoka shamba hadi shamba, na kikombe kimoja hakilingani na kingine. WHO haipendekezi majani hayo kwa kutibu wala kuzuia malaria. Dawa kidogo isiyoua vimelea vyote huviachia nafasi ya kuzoea, na hatari hiyo iko karibu: mwaka 2020 watafiti walithibitisha nchini Rwanda vimelea vilivyoanza kustahimili artemisinini. Vimelea havisimami mpakani kuonyesha pasi.

Hatari ambazo mgonjwa anapaswa kuzijua

Tiba ya sindano ikifanywa na aliyesomea, madhara makubwa ni nadra. Lakini sindano iliyotumiwa kwa mtu mwingine inaweza kuambukiza homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi, na sindano ya kifuani iliyochomwa kwa kina inaweza kutoboa pafu. Mtaalamu makini hufungua pakiti ya sindano mpya mbele ya mgonjwa, na baada ya tiba huzitupa katika sanduku la sindano.

Kuhusu dawa za mitishamba, somo chungu lilitoka Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene katika kliniki moja mjini Brussels walianza kupata ugonjwa wa figo. Ilibainika kwamba mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana, mmea wa jamii ya Aristolochia, ambao una sumu ya figo. Zaidi ya watu 100 waliathirika. Wengi figo zao zilikufa kabisa, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo. Mmea huo ulikuwa wa "asili".

Kuna pia bidhaa ambazo wauzaji huzichanganya kwa siri na dawa za kisasa, kama vile zile za kutuliza uvimbe au za kushusha sukari. Mgonjwa huona nafuu ya haraka na kusifu mti shamba, asijue anachomeza wala kiasi chake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulala kitandani

Mtu anayefikiria tiba hii anaweza kujilinda kwa maswali machache. Je, ugonjwa umetambuliwa na daktari? Je, tiba imepimwa kwa ugonjwa huu hasa? Je, mtoa tiba amesomea wapi, na anaruhusiwa kufanya kazi? Je, sindano ni mpya? Je, dawa ina orodha kamili ya vilivyomo? Na la mwisho, ambalo ni zito kuliko yote: nikingoja wiki mbili kuona kama tiba hii inafanya kazi, nitapoteza nini?

Kwa babu mwenye mgongo sugu, aliyekwisha kupimwa na kuonekana hana ugonjwa mwingine, wiki mbili si hasara kubwa. Anaweza kujaribu sindano, akiendelea na mazoezi. Lakini ikiwa miguu inaishiwa nguvu, mkojo hauzuiliki, kuna ganzi katikati ya mapaja, au maumivu yanaandamana na homa na kukonda, aende hospitali kwanza. Dalili hizo zinaweza kuwa za kifua kikuu cha uti wa mgongo, uvimbe, au mishipa ya fahamu iliyobanwa.

Kwa mjukuu, hata siku moja ni nyingi. Malaria kali inaweza kumuua mtoto mdogo ndani ya muda mfupi tangu homa ilipoanza. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, apimwe damu, na akikutwa na malaria amalize dozi yote, hata kama homa imeshuka mapema. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, serikali ya Burundi ilitangaza matibabu ya bure katika vituo vya umma tangu mwezi Mei 2006. Kwa hiyo uhaba wa fedha usiwe sababu ya kuanzia kwa muuzaji wa chupa.

Babu na mjukuu wanaweza basi kutoka nyumbani pamoja, lakini mtoto atangulizwe. Mgongo ulioumwa mwaka mzima unaweza kungoja hadi alasiri.